Raba, sendo, buti au ngozi: kiatu gani kikufae safarini?

Kuna siku nilipanda milima ya Uluguru kwa mabuti niliyoyaamini kuliko miguu yangu mwenyewe. Yalikuwa ya mtumba: ngozi haina mkwaruzo, kamba nzima, soli nene ambayo meno yake hayajalika. Kabla hatujafika Morningside nikahisi kisigino cha kulia kinazama, kama nimekanyaga andazi. Nikakaa kwenye jiwe, nikageuza unyayo. Ile sponji iliyo kati ya ngozi na soli ilikuwa inameguka, ukiigusa inabaki vidoleni kama makaa yaliyolowa. Hatua chache mbele soli nzima ikabaki njiani nyuma yangu. Nilishuka mlima kwa sendo za mwenzangu alizokuwa amebeba begini, kubwa kwangu kwa namba moja, nikafika chini mzima.

Tangu siku hiyo siulizi tena kiatu gani ni kizuri. Nauliza: saa ngumu kuliko zote katika safari hii nitaipita juu ya ardhi gani, kwenye jua au kwenye mvua, na nimebeba nini? Jibu la swali hilo ndilo linaloninunulia kiatu.

Wengi wetu hapa Dar tunanunua kiatu cha kufikia, kile tutakachoonekana nacho tukishuka. Mwendo wa katikati tunausahau: kutoka kituo cha mwendokasi hadi ndani ya stendi ya Magufuli pale Mbezi na begi begani, foleni ya boti ya Unguja, ngazi za stesheni ya SGR, basi la Arusha la zaidi ya kilomita 600 ambamo miguu inaning'inia mpaka inavimba. Na hapo bado hujaanza kutembea huko uendako.

Nimeweka hapa aina nne ambazo mtu wa Dar anazipata bila kuhangaika, iwe Kariakoo, Karume au dukani. Kuna raba za mazoezi, zile za kukimbilia na kutembelea. Kuna sendo za mikanda zinazofunga na kisigino. Kuna mabuti mepesi ya kupandia milima. Na kuna viatu vya ngozi laini, yaani moka na vile vya kamba vyenye soli ya mpira. Ndala na yeboyebo sijaziingiza, hizo ni za bafuni na uani. Katambuga, zile sendo za tairi, naziheshimu, maana tairi haliishi, lakini tairi halikunjiki pamoja na unyayo wala halipunguzi kishindo, na asiyezizoea mikanda itamchubua siku ya kwanza tu.

Nilivyovipima

Vigezo ni sita: kiatu kinavyoushika mguu, soli inavyoshika ardhi, joto na maji, wepesi wa kuvua na kuvaa pamoja na heshima ya mahali, nafasi kinayokula kwenye begi, na umri wa kiatu hadi kifike kwa fundi. Havina uzito sawa. Viwili vya kwanza ndivyo vinavyoamua kama utarudi unachechemea, kwa hiyo nimekaa navyo zaidi.

Lakini kabla ya vyote pima mguu, na upime jioni. Mguu wa asubuhi na wa jioni haulingani. Kutwa nzima ya kusimama na joto huujaza, na kiatu kilichokutosha saa mbili asubuhi kinaweza kukubana saa kumi na moja. Simama wima juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (kwa wengine si kidole gumba, ni cha pili). Pima miguu yote miwili, maana mara nyingi inapishana, kisha nunua kwa ule mrefu.

Namba za Ulaya zina hesabu rahisi nyuma yake: urefu wa kalibu ya kiatu (lile umbo la mguu ambalo kiatu hutengenezewa juu yake) kwa sentimita, zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimita 26 ukiuongezea sentimita moja na nusu ya nafasi ya vidole unapata 27.5. Zidisha, unapata 41 na kidogo. Basi anza kujaribu 41 na 42. Namba za Uingereza zina hatua ndefu zaidi, kama milimita 8.5 kwa kila namba, wakati za Ulaya ni kama 6.7, ndiyo maana 8 ya kiatu hiki na 42 ya kile hazikutani sawasawa. Raba nyingi zina kibandiko chini ya ulimi ambapo urefu umeandikwa kwa sentimita pia. Isome hiyo kwanza.

Halafu kuna maneno ambayo yameumiza miguu mingi ya mji huu. Umekivaa, kidole gumba kinagusa mbele, unasitasita, na kijana anakwambia kwa upole kabisa: "Kitaachia tu, dada." Ngozi huachia kidogo kwa upana, ni kweli. Kwa urefu haiachii. Kiatu cha kitambaa na plastiki hakiachii cha maana popote. Kama vidole vinagusa mbele ukiwa umesimama kwenye kipande cha boksi, siku utakayoteremka mlima kucha zitageuka nyeusi. Rudisha kiatu kwa adabu, omba namba inayofuata.

Kinavyoushika mguu

Ulaini unatudanganya wengi. Tunabonyeza soli, inabonyea kama godoro, tunasema hiki ndicho. Baada ya saa tatu za kutembea sponji laini mno inaacha unyayo uyumbe, na misuli ya mguu inafanya kazi ambayo kiatu kilipaswa kuisaidia. Kinachotakiwa ni kiatu kinachopunguza kishindo na wakati huohuo hakiyumbi.

Kuna majaribio matatu ya mkono ambayo hayahitaji utaalamu. Bana nyuma ya kisigino kwa vidole viwili: pasibonyee kirahisi kama kikombe cha karatasi. Kisha shika ncha na kisigino, ukikunje: kikunjike pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo. Kikikunjika katikati kama chapati, kitakuacha hapohapo. Mwisho kinyonge kama unayekamua kitenge: kigome kidogo. Nimeona wauzaji wakishangaa ukifanya hivi, lakini hakuna aliyewahi kunikataza.

Raba nzuri hupita yote matatu kirahisi. Ina kikombe cha kisigino kilicho imara, ina nafasi mbele, na kwa raba nyingi za kukimbilia kisigino kimeinuliwa kidogo kuliko vidole, jambo linalowapa nafuu wenye nyuma ya mguu iliyokaza. Angalia tundu la mwisho la kamba, lile la juu kabisa ambalo watu wengi hawalitumii. Ingiza kamba kwenye tundu hilo upande uleule ilikotoka, upate kitanzi kidogo kila upande, kisha pitisha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili ndipo ukaze. Kisigino kinatulia, hakipandi na kushuka, na malengelenge ya nyuma yanapungua sana. Ila si kila kinachoitwa raba ni raba ya kutembelea: zile za fasheni zenye soli bapa, ngumu, zinapendeza kwenye picha na zinachosha kabla ya adhuhuri.

Sendo za mikanda zinaushika mguu kwa namna nyingine. Zenye mikanda mitatu, mbele, katikati na kisigino, zikirekebishwa vizuri zinamfuata kila mtu alivyo, hata mwenye unyayo mpana ambaye raba zote zinambana ubavuni. Mguu ukivimba ndani ya basi unalegeza velkro, basi. Tafuta yenye kitanda cha unyayo kilichochongwa, chenye kijibonde cha kisigino na mwinuko wa upinde. Yenye kitanda bapa kama ubao haina tofauti kubwa na ndala iliyoongezewa mikanda. Udhaifu wake uko wazi: kisigino hakifungwi imara, na vidole vyako viko nje vinasubiri jiwe.

Mabuti yanasifiwa kwa shingo yake ndefu, kwamba inazuia mguu kutegukia njiani. Mimi naona sifa hiyo imezidishwa. Shingo inazuia kokoto kuingia na inakinga kifundo kisigongwe na mawe, lakini si kinga kamili ya kutegua mguu. Nguvu ya buti iko chini, kwenye soli isiyonyongeka kirahisi. Ukikanyaga jiwe lenye ncha unyayo hauisikii, na ukibeba begi zito mguu hauyumbi. Kwenye lami ugumu huohuo unakuwa mzigo.

Viatu vya ngozi vinatofautiana sana vyenyewe kwa vyenyewe. Moka haina kamba, kwa hiyo inaushika mguu kwa kuubana tu. Ikilegea, vidole vinakunjamana kuizuia isivuke, na jioni utausikia uchovu huo kwenye nyayo. Vile vya kamba vyenye soli ya mpira na soli ya ndani inayotoka ni jambo jingine: ngozi inaufuata mguu wako kadiri unavyovaa, na unaweza kubadilisha soli ya ndani ukaweka yenye upinde. Watu wengi hawajui kama hiyo inabadilishwa.

Soli na ardhi

Ardhi za safari zetu si moja. Kuna vigae vya stesheni vilivyopigwa deki, kuna mlango wa chuma wa pantoni ya Kigamboni ukiwa umelowa, kuna vichochoro vya Mji Mkongwe vilivyosuguliwa na nyayo za vizazi, kuna mawe ya matumbawe ya Kaole na Kilwa Kisiwani, na kuna udongo mwekundu wa Usambara ambao ukinyeshewa unakuwa sabuni.

Kwenye vigae na chuma kilicholowa kinachosaidia ni mpira wenyewe kuwa laini kidogo, si ukubwa wa meno. Bonyeza soli kwa ukucha: ikiacha alama ndogo inayorudi, ni mpira. Ikiwa ngumu inang'aa kama ndoo, itateleza. Kwa kipimo hiki raba na sendo nzuri zinaongoza mjini. Viatu vingi vya ngozi vya bei ya chini vina soli ya plastiki ngumu, na humo ndimo watu wanamoangukia. Chenye soli ya mpira kinatembea mji mzima bila shida. Buti lenye meno marefu, kinyume na watu wanavyodhani, haliko salama zaidi kwenye kigae kilicholowa, maana ni sehemu ndogo tu ya mpira inayogusa chini.

Kwenye tope meno ndiyo yanayofanya kazi, na yawe yameachana ili udongo udondoke. Hapo buti halina mpinzani, na raba zenye meno za njia za milimani zinafuata kwa karibu. Raba ya kawaida ya barabarani inajaza udongo hatua tatu za mwanzo, kisha unatembea juu ya tope lako mwenyewe. Sendo kwenye tope inageuka mtego, mguu unateleza ndani ya kiatu, si kiatu kwenye ardhi. Kiatu cha ngozi kiache hotelini.

Kwenye matumbawe na magofu vidole vifunikwe. Matumbawe yanakata. Kuna sendo zenye pua ya mpira inayofunika vidole. Kwa Kilwa Kisiwani, ambako unavuka kwa boti na mara nyingi unashukia majini, sijaona zinazozizidi.

Joto, jasho na maji

Malengelenge yanaletwa na mambo matatu yakikutana: joto, unyevu na msuguano. Dar inakupa mawili ya kwanza bure. Kwa hiyo kiatu kinachopumua ni kinga, si anasa.

Sendo inashinda hapa kwa wazi. Inalowa, inakauka ukiwa unatembea. Raba yenye kitambaa cha matundu inafuata. Ikilowa ijaze magazeti, ibadilishe baada ya saa mbili tatu, asubuhi inavalika. Usiianike karibu na jiko wala kuiacha juu ya bati la moto, maana joto linalegeza gundi na soli itaanza kufungua mdomo. Ngozi inapumua kuliko plastiki inayofanana nayo, lakini ikilowa inahitaji siku mbili za kivulini na mafuta kidogo, la sivyo inakakamaa.

Kuhusu mabuti, kuna yaliyowekewa utando ndani usiopitisha maji. Baridi ya milimani yanafaa. Kwenye joto la pwani yanapika mguu, na maji yakishaingia kwa juu, kama unavyoweza kufanyiwa na dimbwi moja la masika, yanabaki humo kama ndani ya dumu. Kwa safari za nchi kavu ya joto chagua buti lisilo na utando huo, likilowa likauke.

Soksi zihesabu kuwa sehemu ya kiatu. Ya pamba tupu inanyonya jasho na kulishikilia penye ngozi. Yenye mchanganyiko wa sufu nyembamba au nyuzi za michezo inalitoa nje. Beba jozi moja ya akiba kwenye begi la mkononi, ubadilishe mchana.

Kuvua, kuvaa na heshima

Mgeni anayesoma orodha za viatu za watu wa mbali hatakuta kigezo hiki, lakini kwetu kina uzito. Ukienda Unguja unavua viatu mlangoni kwa kila nyumba, unavua msikitini, unavua kwenye mkeka. Ukienda msibani Tanga au Kilwa ni hivyohivyo, mara kumi kwa siku. Buti la kamba ndefu mlangoni kwa watu ni adha kwako na kwa wanaokusubiri. Sendo na moka ndizo zinazojua adabu hiyo, zinatoka kwa mkono mmoja. Raba ziko katikati; ukiziwekea kamba za mpira zisizofungwa zinakaribia moka.

Kwa upande wa kuonekana, kiatu cha ngozi kinaingia kanisani, ofisini, ukweni na kwenye mkutano wa Dodoma bila kuulizwa. Raba nyeusi isiyo na maandishi makubwa siku hizi inapita sehemu nyingi. Sendo ya mikanda ukweni inategemea ukweni. Buti la mlimani sebuleni kwa baba mkwe, hapana.

Begi

Hapa ni haraka. Sendo zinalala bapa, zinaingia popote. Raba ni nyepesi na zinabonyea, na ndani yake unaficha soksi na chaja. Ngozi nzito kidogo na inajikunja vibaya ikibanwa. Mabuti usiyabebe kabisa: yavae ndani ya basi na ulegeze kamba, maana jozi inaweza kufika kilo moja au kuzidi.

Umri wa kiatu, mtumba na fundi

Nirudi kwa mabuti yangu ya Uluguru. Kilichoyaua si kutembea, ni kukaa. Sponji ya mabuti mengi imetengenezwa kwa poliyurethani, nayo huvunjwa polepole na unyevu wa hewa pamoja na joto, hata kiatu kikiwa kwenye boksi bila kuvaliwa. Kwa hiyo buti la mtumba linaweza kuonekana jipya kwa sababu halikuvaliwa miaka mingi, na hiyo ndiyo dalili mbaya yenyewe. Siku hizi nabonyeza ubavu wa sponji kwa kidole gumba, nalikunja mara kumi kwa nguvu, natafuta nyufa nyembamba kama za kuta za zamani. Likinata au likitoa unga, nalirudisha hata kama ni la bei ya kutupa.

Raba nyingi zina sponji ya aina nyingine, EVA, ambayo haimeguki hivyo. Yenyewe hulala: inabonyea na haiinuki tena, hasa kisiginoni. Weka raba ya mtumba juu ya meza iliyonyooka, itazame kwa nyuma. Ikiinamia upande mmoja, aliyeivaa kwanza alitembea hivyo na atakulazimisha utembee kama yeye. Vuta soli ya ndani uisimamie: utaona nafasi ya vidole ilivyobaki, na utaona alama ya mguu wa mwenzako. Belo likifunguliwa asubuhi unaweza kupata raba gredi ya kwanza ambayo dukani usingeigusa, kwa hiyo sisemi mtumba uachwe. Nasema uutazame chini kabla ya juu.

Kwa fundi, ngozi ndiyo inayomfurahisha. Anashona soli pembeni kwa uzi, anabadilisha kisigino, kiatu kinaanza maisha upya. Sendo anazishona mikanda ikiwa imetoka, dakika chache tu. Raba na mabuti yaliyogandishwa atapiga gundi na kuzungusha uzi, zitasogea, lakini sponji iliyolala au kumeguka hakuna fundi anayeifufua. Kiatu kipya chochote chenye soli iliyoshikwa na gundi tu kipeleke kishonwe kabla ya safari. Ni hela ndogo, na nimeona soli zikifunguka mchana wa jua kwenye lami.

Kwa safari yako

Unakwenda Dodoma kwa SGR, mkutano siku mbili, kutembea ni stesheni na korido: ngozi ya kamba yenye soli ya mpira, au raba nyeusi kama ofisi yenu haina masharti. Sendo tia begini kwa ajili ya jioni.

Unguja siku tatu, Mji Mkongwe na pwani: sendo za mikanda zitafanya karibu kila kitu. Ukipanga kutembea vichochoroni kutwa nzima na una visigino vinavyouma asubuhi unapokanyaga chini mara ya kwanza, chukua raba kwa mchana na sendo kwa baadaye.

Lushoto, Uluguru, au maporomoko ya Sanje kule Udzungwa yenye mita 170: kiangazi raba zenye meno zinatosha watu wengi na miguu inabaki myepesi. Masika na vuli, au ukiwa na begi zito, buti. Kilimanjaro ni habari nyingine, mita 5,895 na baridi ya usiku wa kileleni. Huko ni buti unalolijua umri wake, ulilolivaa wiki kadhaa kabla, na si siku ya kujaribu bahati ya mtumba.

Mikumi kwa gari: chochote kilichofunika vidole. Muda mwingi umekaa.

Msiba au harusi kijijini, basi refu, mikeka mingi: moka iliyokutosha kwelikweli au sendo ya heshima. Mwendo wa vumbi ukiwa mrefu, vaa raba barabarani, badilisha kabla ya kuingia uani.

Mwenye kisukari, hasa aliyeanza kupoteza hisia nyayoni, huyu simpi sendo hata kama safari ni ya Unguja. Kijeraha asichokihisi kinaweza kuwa kidonda kikubwa. Avae raba pana iliyofunikwa, yenye velkro kama kuinama kunamsumbua, apitishe mkono ndani kabla ya kuvaa kuhakikisha hakuna kokoto, na akague nyayo kila jioni. Akiwa na mtaalamu anayemhudumia, amwoneshe na kiatu.

Mwenye unyayo bapa unaouma akitembea ajaribu kwanza raba imara au ngozi yenye soli ya ndani ya kubadilisha. Mwenye mguu mpana aanze na sendo, kisha atafute raba zilizoandikwa kuwa ni pana.

Na kama fedha ni ya jozi moja tu kwa mwaka mzima, rudi kwenye ile saa ngumu. Kama ni lami na ngazi, ni raba. Kama ni maji, mchanga na milango ya watu, ni sendo. Kama ni mteremko wa udongo na mzigo, ni buti. Kama ni kusimama mbele ya watu, ni ngozi. Chochote utakachochukua, kivae wiki mbili kabla. Mimi Jumamosi asubuhi huvuka Daraja la Tanzanite hadi Coco Beach na kurudi. Kinachoniuma pale kitaniua Lushoto, na bado niko karibu na nyumbani.

Limebaki moja, la wanaotuma viatu kijijini kwa basi. Tunampigia mama simu, "Unavaa namba ngapi?" naye anataja namba ya kiatu cha miaka mingi nyuma, au anasema chochote tu mwanangu. Mguu wa mtu mzima unapanuka na kurefuka kadiri umri unavyokwenda, na mama hatakwambia kwamba kinambana. Atakiweka kabatini, avae ndala. Mwombe mdogo wako aliye naye amsimamishe jioni, akate uzi kuanzia nyuma ya kisigino hadi ncha ya kidole kirefu, akate na mwingine wa kuzungushia mguu pale penye upana, akupe kupitia kondakta. Nenda nazo Kariakoo. Uzi wa urefu uulaze ndani ya kiatu, ubaki na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Wa mama uko kwenye pochi yangu, umefungwa fundo upande wa kisigino nisikosee.